Kocha Mkuu wa Timu ya Wasichana

Kocha wetu aliyetangulia alikuwa mshindi, na hilo nalisema bila kejeli. Makombe aliyoyaleta yamo kwenye kabati la kioo karibu na mkahawa wa chuo, na wazazi wanaokuja kukagua chuo kabla ya kuwaandikisha watoto wao husimama pale wakayatazama. Mimi hufanya kazi kwenye chumba cha pili kutoka hapo. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Wachezaji huniita fizio, na wale wenye asili ya Afrika huniita Aunty. Nilizaliwa Nakuru, nikasomea kazi hii Nairobi, kisha nikahamia Sydney na mume wangu. Tunaishi Quakers Hill, na kila asubuhi naenda kazini kwa treni.

Mpira ninaouzungumzia ni wa miguu. Hapa wanauita soka, maana jina lenyewe wameupa mpira mwingine, ule wa kubeba mkononi na kuangushana. Timu yetu ni ya wasichana wanaosomea uuguzi, uhasibu, malezi ya watoto na mambo kama hayo. Wengi wao wanatoka Fairfield na Minto, na karibu wote wana kazi pembeni, wengine katika nyumba za wazee, wengine kwenye maghala. Wanakuja mazoezini wakiwa bado wamevaa sare za kazi chini ya jaketi.

Jumamosi moja ya baridi, beki wetu wa kati aliruka kuwania mpira wa kona, akagongana kichwa kwa kichwa na mpinzani. Nilikimbia uwanjani. Nikamuuliza tunacheza na nani. Akanitajia timu tuliyocheza nayo wiki iliyopita. Nikainua mkono kuomba abadilishwe.

"Yuko sawa," kocha alisema kutoka kwenye mstari. "Mpe maji."

"Hayuko sawa. Ubongo umetikisika. Anatoka."

"Zimebaki dakika chache tu."

Msichana mwenyewe alisikia, akasimama, akasema anaweza. Refa akauliza nani mwenye uamuzi, na kocha akawahi kujibu. Msichana akacheza mpaka mwisho, tukashinda. Kwenye maegesho ya magari alitapika kando ya gari langu, kisha akaniuliza matokeo ya mechi. Nikamwambia. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, kana kwamba hatujazungumza. Nilimpeleka hospitali.

Alipona, lakini kwa muda mrefu hakuweza kutazama skrini, na huku masomo karibu yote yamo kwenye skrini. Mama yake alikuja chuoni kuonana na naibu mkuu wa chuo, mwanamke anayesimamia mambo ya wanafunzi. Mama huyo ni Mkongo kutoka upande wa Bukavu, na Kiingereza chake hakikutosha kwa alilotaka kusema, hivyo niliitwa kutafsiri. Aliketi wima na mkoba wake mapajani.

"Mutoto yangu alikuja hapa kusoma," alisema. "Mupira iko kitu ya juu yake. Sasa munanirudishia yeye hawezi kusoma, na munaniambia mulishinda."

Nilitafsiri neno kwa neno. Naibu mkuu hakujitetea. Aliomba radhi, mama akaipokea kwa kuinamisha kichwa, akaondoka kuwahi treni ya Minto. Msimu ulipokwisha, kocha hakuongezewa mkataba. Aliniaga kwa kunipa mkono. Nadhani mpaka leo anaamini aliondolewa kwa sababu ya siasa za ofisini.

Kamati ya kutafuta kocha mpya ilikuwa na watu wanne. Naibu mkuu alikuwa mwenyekiti. Wa pili alikuwa mkurugenzi wa michezo, mwanamume aliyecheza mpira ujanani na ambaye bado hutembea kama mtu aliyewahi kuumia goti. Wa tatu mimi. Wa nne alikuwa kapteni wa timu, msichana Mkongo aliyelelewa Minto, anayesomea uuguzi. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha hujibu kwa Kiingereza, isipokuwa anapotaka jambo libaki kati yetu wawili.

Katika kikao cha kwanza naibu mkuu alituuliza tunatafuta mtu wa namna gani. Mkurugenzi alisema tunatafuta mtu anayejua kushinda, na kwamba asionekane mbaya kwa kusema hivyo, kwani timu isiyoshinda haivutii wachezaji. Naibu mkuu alisema anataka mtu anayekumbuka kwamba hawa ni wanafunzi. Mimi nikasema nataka mtu ambaye nikisema mchezaji anatoka, haanzi kubishana nami.

Kapteni alifikiri kidogo. "Mtu atakayekuwepo mwaka ujao," alisema.

Mkurugenzi akacheka, akidhani ni utani. Kapteni hakucheka. Alieleza kwamba tangu ajiunge amefundishwa na makocha kadhaa, na kila mmoja alikuwa anapita tu kuelekea mahali pakubwa zaidi. Kila aliyekuja alibadilisha mtindo wa kucheza, na wachezaji walipouzoea, yeye alishaondoka. Mshindi wa makombe ndiye aliyekaa kuliko wote, na naye tunajua ilivyokwisha.

Wengi waliomba kazi hiyo, tukabaki na watatu. Wa kwanza alikuwa mwanamume aliyewahi kucheza ligi kubwa ya hapa. Wa pili alikuwa Mkenya mwenzangu, tunayesali naye kanisa moja. Alifundisha mpira katika shule za sekondari upande wa Kakamega, na alipofika huku akasomea vyeti vya ukocha, akapata klabu ndogo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, mwanamke Mwaustralia wa makamo, aliyewahi kufundisha timu za wasichana kisha akaacha ili kumuuguza baba yake.

Siku nilipoona jina la yule Mkenya nilikwenda moja kwa moja kwa naibu mkuu nikamwambia tunafahamiana, na kwamba mke wake ni kama dada kwangu. Alisema nibaki kwenye kamati, ila itakapofika zamu ya kumjadili, nizungumze wa mwisho.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mke wake alinifuata ukumbini nikiwa na kikombe cha chai.

"Dada, tumesikia uko kwenye kamati."

"Nimo."

"Basi Mungu ni mwema."

"Nimeshawaambia kwamba tunajuana," nikasema.

Akanitazama. "Sasa ulisema ya nini? Si ungenyamaza tu?"

"Wangejua. Afadhali wajue kutoka kwangu."

"Haya," alisema, akageuka kumwagia mtu mwingine chai. Sikuhisi vibaya. Nilielewa alichokuwa anaomba. Watu wetu hapa wamekataliwa kazi nyingi na kamati ambazo hazina hata mmoja wao, na sasa palipokuwa na mmoja, huyo mmoja alikuwa anajisogeza pembeni.

Mahojiano yalifanyika katika chumba kidogo chenye dirisha linalotazama uwanja. Mchezaji wa ligi alikuja na video. Alituonyesha namna timu itakavyokaba, itakavyotoka nyuma kwa pasi fupi, na wapi mpira utapotezwa kwa makusudi ili wapinzani wanaswe. Ilikuwa kazi nzuri. Kapteni alikuwa na swali moja, na alimuuliza kila mtu lilelile: utafanya nini mchezaji akikosa mazoezi kwa sababu ya zamu ya kazi?

"Asiyefanya mazoezi hachezi," mchezaji wa ligi alijibu. "Kanuni ikiwa wazi, hakuna anayelalamika."

Mkenya alisema angezungumza na mchezaji kwanza, amsikilize, lakini mwisho wa yote nidhamu ni nidhamu. Mwalimu wa shule aliuliza ratiba za zamu hutoka siku gani. Kapteni akamwambia hutofautiana, ila katika nyumba nyingi za wazee hutoka siku chache kabla ya kila kipindi cha wiki mbili kuanza.

"Basi ningehitaji kuziona zikitoka," alisema. "Siwezi kupanga mazoezi bila kujua nani yuko wapi."

Mkurugenzi alimuuliza atashindaje mechi za ugenini dhidi ya timu zenye wachezaji warefu. Alisema hajui bado, kwa kuwa hajaona wachezaji wake. Nilimwona mkurugenzi akijiegemeza kwenye kiti.

Baada ya mahojiano, kila mmoja alipewa jioni moja ya kuendesha mazoezi, nasi tukakaa pembeni kutazama. Mchezaji wa ligi aliendesha vizuri, kwa sauti kubwa, na wasichana walikimbia sana. Alipomaliza aliaga kamati akaondoka. Sikumwona akimuuliza mchezaji yeyote jina lake.

Jioni ya Mkenya ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, nami sina sababu ya kuipunguza. Aliwapanga mabeki wanne, akawafundisha kusogea pamoja kama watu waliofungwa kamba moja, na kwa mara ya kwanza nilimwona kipa wetu akisimama bila kupiga kelele. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu peke yake. Katikati ya zoezi, kapteni alishika nyuma ya paja. Nilijua msuli ule. Nilikuwa nikiuhudumia tangu mwanzo wa mwezi. Mkenya naye aliona. Alipiga makofi, akamwambia kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Jikaze, kapteni. Jikaze kidogo tu."

Naye akajikaza. Alimaliza zoezi lote, kisha akaja kwenye benchi langu nikamfunga barafu.

"Kwa nini hukusimama?" nikamuuliza.

"Aliniambia kwa Kiswahili," alisema kwa Kiingereza. "Ilikuwa kama baba yangu ananiambia."

Neno hilo nililifikiria nikiwa kwenye treni. Nimekua nalo. Niliambiwa nijikaze nikiwa na malaria, nikiwa na mtihani, nikiwa nimefiwa. Watu waliolisema walikuwa wananipenda, na mara nyingi lilinisaidia. Lakini msuli uliochanika haujui kwamba aliyekuambia ujikaze anakupenda.

Mwalimu wa shule alichelewa. Reli ilikuwa inakarabatiwa, akalazimika kupanda basi lililowekwa badala ya treni. Aliomba radhi mara moja tu, akaweka mkoba chini, kisha akanijia kabla hajawasalimia wachezaji.

"Nani hatakiwi kukimbia leo?" aliniuliza.

Nikamtajia wawili, kapteni mmojawapo.

"Na siku ambazo wewe hupo, nani huwaangalia?"

"Hakuna," nikasema.

Akasema "sawa," kama mtu aliyeambiwa mahali swichi ya taa ilipo. Mazoezi yake yenyewe hayakuwa na mpangilio mzuri. Alipanga koni vibaya, makundi mawili yakakutana njiani yakagongana, na kwa muda hakuna aliyejua anaelekea wapi. Alisimamisha kila kitu, akacheka, akasema kosa ni lake, akawauliza ni wapi alipowapoteza. Mchezaji mmoja akamwonyesha. Akazipanga upya. Wale wawili wasiotakiwa kukimbia aliwapa filimbi na akawaweka pande mbili za uwanja wahesabu pasi, na alikuwa akiwauliza hesabu na kuitumia.

Tulipokaa kuamua, mkurugenzi alisema wazi kwamba kwake uamuzi uko kati ya wanaume wawili, na kati ya hao angemchukua Mkenya. Mwalimu alimwona mtu mzuri, lakini wa kiwango cha shule. Naibu mkuu alimtaka mwalimu. Kapteni alisema yeye atasubiri kura. Kisha wakanigeukia mimi, wa mwisho.

"Anajua mpira kuliko wote watatu," nilisema juu ya Mkenya. "Kama mngekuwa mnatafuta mtu wa kufundisha mpira, ningewaambia mchukueni leo."

"Na kwa kocha mkuu?" naibu mkuu akauliza.

"Kocha mkuu ndiye ambaye mchezaji akiumia, wote humtazama yeye. Aliona mtu ameumia, akamwambia avumilie."

"Ilikuwa kidogo tu," kapteni alisema, macho yake kwenye viatu vyake.

"Ulikosa mechi ya kirafiki iliyofuata," nikamwambia.

Mkurugenzi alisema kila kocha duniani amewahi kumwambia mchezaji avumilie, na kwamba tukitafuta ambaye hajawahi, tutabaki na mtunza bustani. Alisema kweli. Nilimwambia hivyo. Lakini nilisema pia kwamba sisi tumetoka kwenye jambo tunalolijua sote, na mama aliyeketi katika chumba hikihiki hakuja kulalamikia ulinzi wa kona.

Kapteni alimpigia kura mwalimu, nami pia, na kazi ikawa yake. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini. Alitazama nyuma kwanza, kisha akanijibu kwa Kiswahili, "Aunty, ule ndiye peke yake aliuliza shifti inatoka siku gani. Wengine wote walinijibu. Yeye aliniuliza."

Kanisani kulikuwa na ubaridi kati yetu kwa muda. Mke wa Mkenya alinisalimia kwa mkono badala ya kunikumbatia, nami nikaupokea mkono. Mume mwenyewe alinisubiri nje Jumapili moja.

"Dada, nilikosea wapi?"

Nikamwambia, bila kuzunguka. Alisikiliza huku akichezea funguo za gari.

"Sisi wote tulifundishwa hivyo," alisema.

"Ndiyo. Hata mimi."

"Mimi nilicheza na kidole cha mguu kimevunjika. Mwalimu wangu alinisifu mbele ya shule nzima." Akatazama kiatu chake. "Kidole hicho hakijanyooka mpaka leo." Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

Msimu mpya ulianza vibaya. Tulifungwa, tukafungwa tena, na mara nyingine tulifungwa vibaya sana, kwa sababu mwalimu hakuwa mtaalamu wa ulinzi, na yeye alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Mazoezi aliyahamisha kufuatana na zamu, hivyo kwa mara ya kwanza wachezaji wote walikuwa wanafika. Lakini magoli yaliendelea kuingia. Mkurugenzi alianza kupita mlangoni kwangu akivuta pumzi kwa nguvu.

Kabla msimu haujafika katikati, kocha alikuja kwangu akaniuliza juu ya yule Mkenya. Wachezaji walikuwa wamemwambia kuhusu zoezi la mabeki wanne.

"Unadhani atakubali kuwa msaidizi wangu?"

"Sidhani," nikasema. "Muulize."

Alikataa. Kuwa chini ya mtu aliyekushinda si jambo jepesi, na kwake liliongezwa uzito na maneno ya watu. Kocha alimpigia tena baada ya mechi nyingine mbaya, na safari hii, kama alivyonieleza Mkenya mwenyewe, hakumbembeleza. Alimweleza tu jinsi kila goli lilivyoingia na akamuuliza yeye angefanya nini. Walizungumza mpaka chakula kikapoa, na mkewe, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akamwambia, "Si uende tu, kama utafundisha kwa simu kila siku?"

Alikuja. Magoli yakapungua. Hatukuwa timu kubwa, lakini tulianza kuwa timu inayosumbua, na kufikia mwisho wa msimu tulihitaji sare moja tu ili tuingie hatua ya mtoano.

Mechi hiyo tuliicheza nyumbani, kwenye nyasi bandia, mvua ikinyesha. Tulikuwa sawa kwa sawa hadi kipindi cha pili, pale mshambuliaji wetu bora alipogonga kichwa kwenye mlingoti wa goli akifuata krosi. Alisimama haraka mno, akayumba. Nilimfikia, nikamuuliza maswali yangu. Alijibu karibu yote vizuri. Nikageuka kumtafuta kocha, na nikakuta mchezaji wa akiba ameshavua jaketi, amesimama tayari kwenye mstari. Kocha alikuwa ananitazama mimi tu, akisubiri. Nikatikisa kichwa. Akambadilisha.

Mshambuliaji alitoka akilia kwa hasira, akapiga teke chupa ya maji ikaruka mpaka kwenye uzio. Aliniambia mara kadhaa kwamba alikuwa amejibu vizuri, na haikuwa uongo. Mkenya alivua koti lake akamfunika, akamkalisha kando yake. Sikusikia alichomwambia. Dakika za mwisho tulifungwa goli moja, na msimu wetu ukaishia hapo. Mkurugenzi alifungua mwavuli wake akaondoka kabla wachezaji hawajatoka uwanjani.

Jumatatu mshambuliaji alikuja chumbani kwangu akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya jengo. Nilizima taa ya dari, tukafanya vipimo kwa mwanga wa dirishani. Baada ya siku chache alirudi darasani. Kocha alimtembelea kwao Fairfield, akakaa na wazazi wake sebuleni, na hakuna aliyezungumzia matokeo.

Mwalimu yule bado ni kocha wetu. Kombe hatujapata. Msaidizi wake alikaa mpaka klabu kubwa zaidi ilipomtaka, akaenda kwa heshima zote, na mkewe nami sasa tunapika pamoja sikukuu zikifika. Kapteni amehitimu, ni muuguzi, na siku ambazo zamu zake zinaruhusu huja kutazama mechi.

Hivi karibuni mkurugenzi alisimama mlangoni kwangu. Timu ya wavulana inahitaji kocha mkuu, na safari hii kamati anaiunda yeye. Alitaka kujua, ningekuwa mimi, ningewauliza waombaji nini.

"Ningemwambia anisimulie siku moja aliyomtoa mchezaji wake bora," nilisema, "na kilichofuata."

"Na kama hajui kushinda?"

"Basi usimchukue. Mimi sijawahi kusema kushinda ni kubaya."

Alisimama kidogo, akiegemeza uzito kwenye mguu mzima. "Nitakuweka kwenye kamati," alisema.

Nikamwambia anijulishe mapema ili nipange siku zangu. Nyuma yake msichana mmoja alikuwa anasubiri kwa mguu mmoja, ameshikilia kiatu mkononi, kifundo kimevimba. Mkurugenzi akampisha, nami nikavuta kiti.